Timu Iliyovunjwa Kila Mwaka: Chuo cha Kiungani na Mpira wa Mwanzo wa Karne ya 20

Zanzibar ya mwaka 1905 haikuwa na chama cha mpira wa miguu. Timu zilikuwapo, na iliyotangulia miongoni mwake ni ya wanafunzi wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini mwa mji, karibu na bahari. Vijana hao ndio wanaotajwa katika historia ya Visiwani kuwa wa kwanza kuucheza mchezo huu kwa utaratibu, wakiwa na kanuni, nahodha na mlinda mlango.

Karne imetimia tangu chuo hicho kihamishiwe Minaki, Kisarawe, mwaka 1925. Historia yake husimuliwa zaidi kwa upande wa kanisa na wa vitabu, na ni haki, kwani mchango wake huko ni mkubwa. Makala haya yanachukua upande wa uwanja, na yanaandikwa kwa wasomaji wa Masagati, Mlimba na Ifakara, mahali ambapo Kiungani haikuwahi kuweka kituo. Sababu ni kwamba mpira wa shule wanaoujua, ule unaoletwa na mwalimu, ukasimamiwa na mwalimu na kuhama naye anapohamishwa, ulionekana Kiungani mapema kuliko karibu kila mahali Afrika Mashariki.

Miaka ya kukumbuka

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1864 | Askofu Tozer aanza kazi Zanzibar. Apewa wavulana watano waliookolewa utumwani |
| 1873 | Mkataba wafunga masoko ya watumwa Zanzibar. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini lawekwa |
| 1879 | John Swedi, mmoja wa wale watano, afanywa shemasi. Waya wa simu wa chini ya bahari wafika Zanzibar |
| 1887 | Masimulizi ya wanafunzi wa Kiungani yachapwa kuwa kitabu |
| 1888 | Gazeti la *Msimulizi* laanza |
| 1890 | Cecil Majaliwa apewa upadri |
| 1897 | Amri ya kufuta hadhi ya utumwa Zanzibar |
| 1901–1908 | Frank Weston ni mkuu wa chuo |
| 1914–1918 | Vita; walimu na makasisi wa misheni wafungwa bara |
| 1925 | Chuo chahamia Minaki |

Haja ya kuanzishwa, 1864–1882

Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo watu wa pwani waliizoea kwa herufi zake UMCA, ilitokana na hotuba aliyoitoa David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Jaribio lake la kwanza lilikuwa Magomero, katika nchi ya Malawi ya leo, nalo liligharimu maisha. Askofu Charles Mackenzie alifariki Januari 1862, na wenzake kadhaa nao wakafa. William Tozer aliyemrithi akaona afadhali kuanza upya Zanzibar, akafika mwaka 1864. Sultani Majid akamkabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Shule ikaanza na hao.

Idadi iliongezeka kwa sababu ya kusikitisha. Manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini, na watoto waliokutwa ndani hawakuweza kurudishwa makwao. Wengi walikuwa wametekwa mbali sana, wakauzwa mara mbili au tatu njiani, wala hapakuwa na mtu wa kuwapokea kule walikotoka. Shamba la Kiungani lilinunuliwa ili wavulana wapate mahali pa kukaa na kusoma. Wasichana wakawekwa Mbweni. Taratibu shule ya Kiungani ikawa chuo cha kuandaa walimu na makasisi, ikapewa jina la Mtakatifu Andrea.

Askofu Edward Steere, aliyeongoza kuanzia 1874 hadi alipofariki mwaka 1882, aliipa kazi hii uti wa mgongo. Alikuwa mtu wa lugha na wa mitambo ya uchapaji. Vijana walifundishwa kupanga herufi na kuchapa vitabu vya Kiswahili, na kanisa kuu likajengwa Mkunazini, palepale palipokuwa na soko la watumwa. Lilifunguliwa Krismasi ya mwaka 1879.

Anayetaka kujua wanafunzi wa kizazi hicho walikuwa nani asome kitabu alichokihariri Arthur Madan mwaka 1887 kiitwacho *Kiungani*. Ndani yake vijana wenyewe, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, wanasimulia walivyotekwa na kuvushwa bahari. Mwaka uliofuata likatoka *Msimulizi*, moja ya magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Hawa ndio waliokuja kuunda timu, na jambo hilo si dogo kwangu. Kila tunapozungumzia mpira wa mwanzo wa Kiungani tunazungumzia vijana ambao miaka michache nyuma walikuwa wamehesabiwa kama mizigo ya jahazi.

Mpira unaingia, miaka ya 1880 na 1890

Walimu wengi wa UMCA walitoka Oxford na Cambridge. Katika shule walizolelewa Uingereza, mpira na kriketi vilihesabiwa kuwa sehemu ya malezi kama ilivyokuwa sala na hesabu. Cambridge yenyewe ina nafasi ya pekee katika habari hii. Wanafunzi wake waliandika kanuni za mpira mwaka 1848, miaka 15 kabla ya chama cha mpira cha Uingereza, FA, kuundwa mwaka 1863. Kwa hiyo chuo kikuu kilekile kilichosikiliza hotuba ya Livingstone kilikuwa pia kati ya mahali ulipotungiwa mchezo huu.

Kriketi nayo ilichezwa Kiungani. Lakini kriketi inadai gongo, vijiti, kiwanja laini na saa nyingi. Mpira wa miguu unataka mpira mmoja na uwazi, nao ndio ulioshika.

Timu haikosi mpinzani ikiwa bandarini. Mabaharia wa manowari za Uingereza walishuka pwani wakiwa na hamu ya kunyoosha miguu. Walikuwapo pia Wazungu wa kampuni ya simu ya Eastern Telegraph, iliyokuwa Zanzibar tangu waya wa chini ya bahari ulipofikishwa mwaka 1879. Kiungani ilicheza na hao wote. Manowari zilezile ndizo zilizokuwa zikikamata majahazi na kuwashusha watoto Zanzibar. Sasa kijana wa chuo alisimama mbele ya baharia, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, chini ya kanuni moja, na refa akipiga filimbi kwa kosa la yeyote kati yao. Katika Zanzibar ya wakati ule, ambako kila mtu alijua nafasi yake kwa rangi, kwa ukoo na kwa kuwa mwungwana au mtumwa, sijui mahali pengine ambapo jambo kama hilo liliwezekana kwa dakika 90.

Msimu wa mpira wakati wa Weston, 1901–1908

Frank Weston, aliyesoma Oxford na kufaulu vizuri sana katika masomo ya dini, alifika Zanzibar mwaka 1898. Alikabidhiwa ukuu wa Kiungani mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka kama 30, akaushika hadi alipofanywa Askofu wa Zanzibar mwaka 1908. Alikuwa mkali kwa nidhamu, na Kiswahili chake kilisifiwa. Miaka hiyo saba ndiyo Kiungani ya mwanzo wa karne.

Wanafunzi walikuwa wamebadilika. Amri ya mwaka 1897 ilikuwa imefuta hadhi ya utumwa Visiwani, na majahazi ya watumwa yalikuwa habari ya wazee. Vijana sasa walitoka katika vituo vya misheni bara: Magila na Bonde kwa upande wa kaskazini, Masasi na majirani zake kwa upande wa kusini. Vituo hivyo vilikuwa chini ya Wajerumani, na chuo kilikuwa chini ya Waingereza, hivyo mwanafunzi alivuka mpaka wa dola mbili ili asome. Mbondei wa Magila na Myao wa Masasi hawakuwa na lugha ya pamoja ya nyumbani. Walikuwa na Kiswahili cha darasani, na kwa Kiswahili hicho waliitana uwanjani.

Msimu wenyewe uliamuliwa na mvua. Masika yanapoanza Machi, viwanja vya Unguja hujaa maji, na mpira wa ngozi wa zama zile ulikuwa mateso ukilowa. Ulishonwa kwa vipande vya ngozi, ndani ukiwa na bladda ya mpira inayojazwa upepo, kisha mdomo ukafungwa kwa kamba. Ngozi ikinywa maji, uzito uliongezeka hadi beki akashindwa kuusukuma mbele, na aliyeupiga kichwa penye kamba aliikumbuka siku hiyo. Wachezaji wa Kiafrika wa miaka ile walicheza peku; mabaharia walivaa daluga. Kipupwe kikifika Juni, upepo wa kusi ukaikausha ardhi na kupoza jioni, hapo ndipo mpira ulipopata miezi yake mizuri. Vuli ilirudi Novemba, mwezi ambao mwishoni mwake, tarehe 30, huwa sikukuu ya Mtakatifu Andrea, somo wa chuo.

Mchezo waliocheza tungeutambua leo, ila ungetushangaza kwa mambo kadhaa. Timu zilipangwa mabeki wawili, hafubeki watatu na fowadi watano. Golikipa aliruhusiwa kuushika mpira kwa mikono popote katika nusu yake ya uwanja. Ruhusa hiyo ilibanwa ndani ya eneo lake mwaka 1912. Mchezaji alihesabiwa ameotea kama mbele yake hawakuwapo wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, kwa hiyo beki mmoja mwerevu akipanda mbele aliweza kuua mashambulizi ya fowadi watano. Penalti ilikuwa na umri wa miaka kama kumi tu, kwani iliingizwa mwaka 1891. Wachezaji wa akiba hawakuwapo. Aliyeumia aliendelea kuchechemea pembeni mwa uwanja au timu ikabaki na watu kumi.

Kanuni hizo zilikuwa na uzito wa ziada Kiungani kwa sababu aliyezijifunza angezihitaji kazini. Mwanafunzi wa chuo hicho alikuwa anaandaliwa kuongoza shule ya kijiji peke yake. Huko angekuwa mwalimu, mwimbishaji, mtunza daftari, na mpira ukiwapo, ndiye angekuwa refa. Kutojua maana ya kuotea kungemvunjia heshima mbele ya watoto aliokuja kuwafundisha.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa ya timu hii na klabu. Klabu hujengwa kwa kuwabakiza wachezaji wazuri. Kiungani iliwatoa. Kijana aliingia mdogo, akakua, akaujua mpira na kupata mguu wa kushindana na wanaume wa melini, na mwaka huohuo akamaliza masomo, akapanda chombo kurudi bara. Nahodha aliondoka na nafasi yake, winga akaondoka na mbio zake. Aliyebaki alianza tena kuwafundisha wadogo. Chuo kingeweza kuwa na timu isiyoshindika Unguja nzima kama kingetaka kuwabakiza, lakini kingekuwa kimeacha kazi kilichoanzishwa kuifanya. Kwa hiyo mavuno ya msimu wa Kiungani hayatafutwi katika magoli ya Unguja. Yatafutwe Magila, Korogwe, Masasi na Newala.

Ukuu wa Weston ulimpitisha pia kijana aliyekuja kujulikana kuliko wengi, Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni ambaye baba yake naye alisoma Kiungani. Kayamba ndiye aliyeanzisha Tanga mwaka 1922 chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya kuunganishwa kwa nchi za Afrika Mashariki, na safari hiyo akaiandikia kitabu cha Kiswahili kilichotoka mwaka 1932.

Mpira unavuka bahari

Walimu waliotoka Kiungani ndio walioueneza mchezo huu katika vituo vya UMCA bara. Njia yao ilikuwa imefunguliwa na watangulizi. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa, alipewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo, akafanya kazi kusini, Chitangali. Yohana Abdallah, naye wa Kiungani, alikuwa padri tangu 1898, akaandika historia ya Wayao iliyochapwa mwaka 1919. Watu hawa walikwenda na vitabu, kengele na ubao. Waliowafuata wakaenda na mpira pia.

Kazi yao haikuwa na utulivu. Agosti 1905, Maji Maji ilipowaka, kituo cha Masasi kilichomwa moto na wamisionari wakakimbilia pwani. Tarehe 30 ya mwezi huohuo wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, juu ya bonde letu la Kilombero, na wengi wakaanguka mbele ya bunduki za rashasha. Shule za kusini zilijengwa upya juu ya majivu, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko mapigano.

Mjini Zanzibar, mchezo ulitoka shambani Kiungani ukaingia mitaani. Vijana wa mitaa ya Ng'ambo waliutazama, wakaujaribu, wakaunda timu zao. Viwanja vya Mnazi Mmoja vikawa kitovu cha kandanda ya Unguja, na mwaka 1926 kikawapo chama cha kuusimamia. Kwa wakati huo chuo kilikuwa kimeshaondoka kisiwani.

Vita, 1914–1918

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani *Königsberg* iliingia Zanzibar alfajiri na kuizamisha *Pegasus* ya Uingereza ikiwa imetia nanga. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa, na waliozikwa kisiwani Chapwani wako huko hadi leo. Kwa watu wa Kiungani, waliozoea kuwaona mabaharia wa manowari wakiwa na mpira miguuni, vita ilianza kwa mazishi.

Bara ilikuwa mbaya zaidi. Wajerumani waliwaona walimu na makasisi wa UMCA kuwa wapelelezi wa Waingereza. Wengi walifungwa, baadhi yao Tabora, Kayamba akiwa mmoja wao, hadi Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Mwaka huo Askofu Weston mwenyewe aliongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar waliobeba mizigo ya jeshi bara, akitembea nao kwa miguu.

Huku bondeni

Vita hiyo ilifika jirani kabisa na Masagati. Oktoba 1916 majeshi ya Wajerumani yaliwazingira Waingereza Mkapira, kwenye Mto Ruhuji, kabla Waingereza hawajatoka na kuwavunja. Mahenge yenyewe ilitekwa na Wabelgiji Oktoba 1917. Pande zote mbili ziliwapokonya wanavijiji wa upande huu, kati ya mito ya Mnyera, Mpanga na Ruhuji, chakula na watu wa kubeba mizigo.

Elimu ya shule ilikuja bondeni kwa mikono mingine. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua Kwiro, Mahenge, mwaka 1902. Wajerumani walipofukuzwa baada ya vita, Wakapuchini wa Uswisi walishika kazi hiyo mwaka 1921, wakaiendeleza Kwiro na Ifakara. Walutheri nao walishuka kutoka nyanda za Ubena. Madhehebu ni tofauti na mataifa ni tofauti, lakini mtindo ulikuwa uleule: chuo kimoja kinachotoa walimu, na walimu wakitawanyika hadi vijiji ambavyo njia yake ni ya miguu au ya mtumbwi.

Anayetaka kuuona mtindo huo ukiwa hai atazame shule za msingi zinapojiandaa kwa mashindano ya UMITASHUMTA, au sekondari kwa yale ya UMISSETA. Katika kata kama Masagati, mwalimu ndiye anayechagua wachezaji, anayetafuta jezi na usafiri wa kushuka Mlimba, na mara nyingi ndiye mwenye filimbi. Kijana wake bora akifika kidato cha nne ataondoka, na mwaka unaofuata ataanza na wengine. Walimu wa Kiungani wangeielewa kazi hiyo bila kuelezwa.

Kuhamia Minaki, 1925

Baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza, na sababu ya kuwavusha wanafunzi wa bara hadi kisiwani ikadhoofika. Weston alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924. Wakati huohuo serikali ya Tanganyika ilikuwa inatafuta namna ya kushirikiana na misheni katika elimu na kuzipa ruzuku shule zilizofikia viwango. Chuo cha walimu kilipaswa kuwa karibu na shule zake. Mwaka 1925 Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamia Minaki, katika vilima vya Kisarawe, kikabeba jina lake na desturi zake, mpira ukiwa miongoni mwake. Minaki ilikua kuwa moja ya sekondari zinazoheshimiwa nchini, na serikali ikaichukua pamoja na shule nyingine za misheni baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969.

Mwaka huohuo wa kuhama, bodi ya kimataifa ya kanuni za mpira ilibadilisha kanuni ya kuotea: badala ya wapinzani watatu, wawili walitosha. Magoli yakaongezeka mara moja huko Uingereza, na mabeki wakalazimika kujifunza kazi upya. Misimu yote ya Kiungani, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, ilichezwa chini ya kanuni ya zamani. Minaki ikakulia chini ya mpya.